SHAFTI HAIKATWI KWA MOTO

Miongoni mwa kazi zifanywazo kila siku katika gereji za Dodoma, na katika gereji za Manyoni, Singida, Kongwa na Mpwapwa, iko moja isiyozungumzwa mikutanoni wala kuandikwa katika taarifa za mwaka. Nayo ni kazi ya kukata shafti. Gari lililochoka injini hutiwa injini ya gari jingine. Gari lililovunjika difu hupewa difu ya kabila jingine. Na kwa kuwa vitu hivyo havikuzaliwa pamoja, huonekana kwamba shafti ni ndefu mno au ni fupi mno. Hapo fundi huwasha gesi. Chuma hukatwa, huunganishwa, hupakwa rangi nyeusi, na kabla ya adhuhuri gari limekwisha kuondoka. Mwenye gari hufurahi, fundi hupata riziki yake, na abiria hajui lolote.

Sisi tunasema leo kwamba kazi hiyo, kwa namna inavyofanywa mahali pengi, ni hatari kwa roho za watu. Tunasema pia kwamba dawa yake si rungu wala faini. Dawa yake ni tanuru, mashine na elimu.

Tuanze kwa kuondoa shaka. Hatupingi magari kubadilishwa injini, giaboksi wala difu. La hasha! Nchi yetu imeishi kwa ufundi huo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baada ya bei ya mafuta kupanda ulimwenguni, fedha za kigeni ziliadimika, na vipuri vikaadimika pamoja nazo. Tangu wakati huo mafundi wetu wamezitia Land Rover kuukuu injini za dizeli za Kijapani, nazo zimeendelea kupanda milima ya Kondoa na kukanyaga mchanga wa Bahi zikiwabeba mabwana shamba, waganga na wakaguzi wa shule. Hayo yalikuwa ni kujitegemea kwa vitendo, na mtu anayeyadharau hajui tulikotoka. Lakini kujitegemea hakuna maana ya kujihatarisha. Fundi anayelitia gari nguvu mpya hana budi kujua kama viungo vya gari hilo vitaibeba nguvu hiyo.

Sasa natutazame shafti yenyewe ni kitu gani. Mtu anapokamua nguo mbichi, huizungusha ncha moja upande huu na ncha ya pili upande ule. Ndivyo shafti ya gari inavyokamuliwa: upande mmoja injini inaizungusha, upande wa pili gurudumu limeshikwa na ardhi. Katika kukamuliwa huko, mzigo hauenei sawasawa ndani ya chuma. Katikati kabisa hakuna mzigo. Nusu ya njia kutoka katikati kuelekea nje, mzigo ni nusu. Kwenye ngozi ya nje, mzigo ni kamili. Kwa ajili hiyo viwanda hushughulika zaidi na ngozi. Shafti hupashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 850 za Sentigredi, hupozwa ghafula, kisha hupashwa tena kidogo ili chuma kisibaki kikavu kama kioo. Aghalabu kinachopatikana ni chuma chenye tabia mbili: ngozi ngumu yenye unene wa milimita chache, na moyo ulio mlaini kiasi cha kustahimili mishituko ya mashimo na mawe.

Kuitambua ngozi hiyo hakuhitaji maabara. Chukua tupa, uipitishe juu ya nondo ya dirisha: itauma na kutoa unga. Ipitishe juu ya shafti iliyogumishwa: itateleza kama ipitayo juu ya kioo. Msumeno wa mkono nao hupoteza meno yake bila kuacha alama ya maana. Hapo ndipo fundi asiye na kifaa kingine hukata tamaa na kuushika mwali wa gesi, ambao joto lake hupita nyuzi 3,000, ilhali chuma huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,500.

Ni kweli kwamba mwali huo hukata. Lakini tazama rangi zinazobaki. Kando ya mahali palipokatwa chuma huwa na utando wa kijivu, kisha buluu, kisha kahawia, kisha manjano ya majani makavu. Wahunzi wa ulimwengu mzima wamezisoma rangi hizo tangu zamani. Manjano ni alama ya nyuzi kama 230, na buluu ni alama ya nyuzi karibu 300. Zaidi ya hapo, ugumu uliotiwa kiwandani kwa saa nyingi na kwa gharama kubwa umekwisha kupungua, na kadiri moto ulivyozidi ndivyo ugumu ulivyotoweka. Watoto wa chuoni hufundishwa kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma, na hiyo ilikuwa neema. Sisi tunakilainisha pale pale ambapo tunakihitaji kiwe kigumu.

Jambo la pili ni kuunganisha. Fundi aliyezoea kuchomelea madirisha na milango ya chuma hudhani kwamba chuma ni chuma. Sivyo. Nondo ya dirisha ina kaboni kidogo na huunganika bila taabu. Chuma cha shafti aghalabu kina kaboni ya kiasi cha 0.4 kwa mia au zaidi, na kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha kugumishwa. Basi kinapochomelewa bila kupashwa moto kwanza na bila kupozwa polepole baadaye, sehemu iliyo jirani na mshono hunyonywa joto na chuma baridi kilichoizunguka, hupoa kwa ghafula, ikawa ngumu na yenye kuvunjika kama kigae. Ufa huanzia hapo. Na ubaya wa ufa huo ni kwamba pengine hauonekani siku ile. Huweza kujitokeza baada ya saa nyingi, au baada ya siku kadhaa, wakati rangi imekwisha kukauka na fedha zimekwisha kutumika.

Tunaomba nukta hii izingatiwe na kila mwenye gari. Desturi yetu ni kulijaribu gari kwa kulizungusha mtaani mara mbili tatu, kisha kusema, "Limetulia." Kwa shafti iliyochomelewa, jaribio hilo halithibitishi chochote. Lililotulia leo kwenye lami ya Dodoma huenda likakatika wiki ijayo, likiwa limepakia magunia ya mahindi kutoka Kibaigwa.

Jambo la tatu ni kupunguza unene. Shafti ya difu moja haiingii katika difu nyingine, basi fundi huipeleka kwa mkereza vyuma aipunguze kidogo. Neno "kidogo" limeua watu. Nguvu ya shafti ya kuhimili kukamuliwa haipungui kwa kadiri ya kipenyo chake. Hupungua kwa kipenyo hicho kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu. Shafti ya milimita 36 ikikerezwa hadi milimita 33, jicho linaona upungufu wa milimita tatu tu, lakini hesabu inasema imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Tena hiyo ni hesabu ya chuma kisicho na ngozi. Kwa shafti iliyogumishwa, milimita moja na nusu iliyoondolewa kila upande huenda ikawa ni nusu ya ngozi yenyewe, na kwa hiyo hasara ni kubwa kuliko tarakimu hiyo.

Msomaji atauliza: je, hakuna shafti inayoweza kukatwa kabisa? Ipo, na ni wajibu wetu kuzitenga, kwa maana kuharamisha kila kitu ni njia ya kutosikilizwa katika chochote.

Propela, ile inayotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, kwa kawaida ni bomba na si chuma kizima. Injini mpya ikiwa ndefu kuliko ya zamani, giaboksi husogea nyuma, na propela ya nyuma haina budi kufupishwa. Bomba laweza kukatwa na kuchomelewa upya kichwa chake, kwa sharti kwamba viungo vya ncha zake mbili vikae katika mstari mmoja, na propela ipimwe mizani ikiwa inazunguka. Propela iliyopinda hata kidogo hutetemesha gari zima, hula beringi, na mwisho hujing'oa. Ile iliyong'oka kwa mbele ikachoma barabara huweza kulipindua gari.

Iko pia ncha ya shafti ya giaboksi, ile inayoegemea katikati ya gurudumu la injini liitwalo flaiwili. Katika kuoanisha injini na giaboksi zisizo ndugu, ncha hiyo mara nyingi huwa ndefu kwa milimita kadhaa. Hiyo nayo imegumishwa, lakini haibebi mkamuo wa injini, kwani kazi yake ni kuizuia shafti isiyumbe. Yaweza kupunguzwa, ila si kwa gesi. Hukatwa kwa jiwe jembamba la grainda, kidogo kidogo, ikimwagiwa maji kila mara ili mkono uweze kuigusa wakati wote. Chuma kikianza kubadilika rangi, fundi amekwisha kwenda mbio. Kwa shafti nene iko hila nyingine ya halali: kuizungusha huku jiwe likikata ngozi ngumu peke yake, kisha moyo mlaini ukamaliziwa kwa msumeno wa kawaida. Mwenye mashine ya kukereza na kisu cha kabaidi atafanya vizuri zaidi.

Zinazobaki ni shafti za magurudumu, zile mbili zinazotoka ndani ya difu kwenda kushoto na kulia. Hizi ndizo hasa tunazozisemea. Hizi hubeba mkamuo wote, tena baada ya difu kuuzidisha mara tatu, nne au zaidi. Katika magari mengi shina la shafti hizi ni jembamba kuliko sehemu yake yenye meno. Maana yake ni kwamba ukiikata ili kuifupisha, huna nyama ya kutosha ya kuchongea meno mapya. Kwa hiyo njia njema ya kwanza ni kutafuta shafti ya gari jingine yenye urefu na meno yanayofaa. Njia ya pili ni kutengeneza shafti mpya kwa chuma kinachostahili: ikakerezwa, ikachongwa meno, kisha ikagumishwa katika tanuru lenye kipimo cha joto. Njia ya tatu, yaani ya kukata kwa gesi na kuunga kwa welda, si njia. Ni bahati nasibu inayochezwa kwa maisha ya watu wengine.

Wapo wanaosema kwamba shafti ikikatika gari husimama tu, basi hasara ni ya mwenye gari. Maneno hayo hayana ukweli. Katika magari madogo mengi shafti ndiyo inayolibeba gurudumu lenyewe. Ikikatika, gurudumu huweza kutoka. Katika magari makubwa gurudumu hubaki, lakini iko hatari nyingine ambayo hata madereva wa siku nyingi hawaifahamu. Land Rover za zamani, pamoja na magari mengi ya Kijapani kama Mitsubishi Canter na Toyota Coaster za miaka iliyopita, yana breki ya mkono iliyofungwa nyuma ya giaboksi na si kwenye magurudumu. Breki hiyo huizuia propela, propela huizuia difu, na difu huyazuia magurudumu kwa njia ya shafti. Shafti moja ikikatika, mnyororo huo umekatika. Dereva aliyekwama katika mteremko wa Sekenke, akavuta breki ya mkono ili ashuke kutazama kilichovunjika, ataliona gari likirudi nyuma pamoja na abiria wake.

Na Land Rover hizo hizo zilikuwa na udhaifu unaojulikana duniani kote. Shafti za nyuma za matoleo ya zamani, zenye meno 10 upande wa difu, zilikuwa zikikatika hata kwa injini zake za asili. Anayelitia gari la namna hiyo injini yenye nguvu zaidi, huku akiiacha shafti ile ile, au akiiunga kwa welda, amejenga ghorofa ya pili juu ya ukuta wenye ufa.

Ukanda huu wa kati umewahi kulipia somo la kuchanganya mitambo bila kipimo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa. Mashine mpya hazikupatikana kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, basi zikakusanywa zile zilizobaki vitani. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ilivichukua vifaru vya Sherman ikavigeuza matrekta, yakaitwa Shervick. Kwenye karatasi shauri hilo lilikuwa zuri, kwani chombo kilichostahimili mizinga kingeshindwaje na vichaka vya Ugogo? Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama tofali lililochomwa, na mizizi ya miti yake haing'oki kwa urahisi. Matrekta yaliharibika kwa wingi, karakana zikajaa vyuma vinavyongoja vipuri, na katika ekari 150,000 zilizokusudiwa mwaka wa kwanza, zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36.

Sababu za kuanguka kwa mradi ule zilikuwa nyingi, ikiwamo mvua, na ikiwamo kiburi cha kutowauliza wenyeji. Lakini mojawapo inatuhusu leo: mashine iliyoundwa kwa mzigo mmoja ilipewa mzigo mwingine, na hakuna aliyepima kwanza. Wale walikuwa na fedha za dola kubwa wakashindwa. Sisi wenye shilingi chache tutafaulu vipi bila ya kupima?

Huenda ndugu zetu wa visiwani, wa Makunduchi au wa Micheweni, wakauliza: habari za Kongwa na Sekenke zatuhusu nini? Zinawahusu sana. Magari yanayoteremshwa bandarini Unguja ni yale yale yanayofika Dodoma. Injini na difu kuukuu zinazotoka Japani na Dubai ni zile zile. Gari la mbao linalobeba abiria wa shamba aghalabu ni lori lililokwisha kubadilishwa viungo. Tena visiwa vina adui wao mahsusi, nayo ni chumvi ya bahari. Kutu hutoboa vishimo vidogo juu ya ngozi ya shafti, na kila kishimo ni mlango wa ufa. Bara tunapigwa na matuta, vumbi na safari ndefu. Visiwani mnapigwa na kutu. Shafti iliyokatwa kwa moto haivumilii hata kimoja kati ya hivyo. Zaidi ya hayo, mwananchi wa Pemba anayehitaji shafti yenye urefu maalumu hungoja meli, na mwenye kungoja ndiye anayeshawishika upesi kukubali njia ya mkato. Na Wabunge wa visiwani wanaokuja Dodoma wanazo barabara hizi hizi, na wanayo sauti katika Bunge hili hili.

Sasa tuwasikilize mafundi, kwa maana si haki kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Fundi husema: mteja hana fedha, na nikikataa mimi atakwenda kwa jirani yangu. Husema tena: zipo shafti nilizozichomelea miaka mingi iliyopita na bado zinatembea. Hoja ya pili tunaijibu hivi. Gari linalotembea tupu kwenye tambarare halijawahi kuiuliza shafti yake swali gumu. Swali huulizwa siku ya mzigo, siku ya tope, siku ya mlima. Na fundi huzijua zile zilizorudi kumshukuru. Zile zilizokatikia Igunga au Nzega hazikurudi kumweleza.

Lakini hoja ya kwanza ni nzito, na hatuwezi kuipuuza. Fundi akikataa kukata kwa gesi, ampeleke wapi mteja wake? Mahali pa kuchonga meno ya shafti na kuigumisha kwa kipimo si pa kila mtaa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kumwambia fundi wa Manyoni kwamba kazi hiyo hufanywa vizuri katika mji ulio safari ya siku nzima ni sawa na kumwambia aendelee na gesi.

Na wapo maofisa wanaoona njia iliyo fupi ni kupiga marufuku magari yote yaliyobadilishwa viungo. Tunawaambia kwa heshima kwamba marufuku ya namna hiyo haitaondoa shafti mbovu, itazificha tu. Fundi atafanya kazi usiku, rangi nyeusi itapakwa nene zaidi, na mkaguzi ataona kidogo kuliko anavyoona sasa.

Tunaloshauri ni haya.

Kwanza, Dodoma, ambayo ndiyo makao makuu ya nchi na njia panda ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, iwe na karakana moja ya umma yenye mambo manne: tanuru lenye kipimo cha joto, pipa la mafuta ya kupozea, mashine ya kuchonga meno, na chombo cha kupima ugumu wa chuma. Hayo si maajabu. Vyombo vya kuyasimamia tunavyo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kuwahudumia mafundi wadogo ndiyo kazi yake. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa mwaka 1994, ina chuo chake hapa hapa. Karakana hiyo iwe ya kulipiwa, ila kwa bei ambayo mwenye Canter moja ataimudu.

Pili, kila shafti itakayotengenezwa au kugumishwa upya ipigwe muhuri wa namba, na namba hiyo iandikwe kitabuni pamoja na jina la karakana. Mtu huwa mwangalifu zaidi anapojua kwamba jina lake limo katika chuma. Shirika la Viwango, lililoundwa mwaka 1975, na Taasisi ya Viwango ya Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, wakae pamoja watoe kiwango kimoja kilichoandikwa kwa Kiswahili, chenye kurasa chache, ambacho fundi ataweza kukibandika ukutani.

Tatu, ukaguzi wa magari uingie chini ya gari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalitaka gari liwe zima kabla ya kutembea barabarani. Kadi ya gari hutaja namba ya injini, na injini ikibadilishwa hubidi ijulikane. Basi siku hiyo hiyo mwenye gari aulizwe: shafti je? Shafti ikichomolewa, mkaguzi mwenye taa na tupa ataweza kuugundua mshono wa welda.

Nne, Serikali ianze na magari yake. Ofisi inayompa kazi fundi kwa sababu tu bei yake ni ya chini kuliko wenzake, bila kuuliza ataifanya kwa njia gani, inanunua ajali kwa fedha za wananchi. Zabuni za matengenezo zitaje wazi kwamba shafti ya gurudumu haikatwi kwa gesi wala haiungwi kwa welda.

Tano, visiwani nako kusisubiriwe mpaka bara kumalizike. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iko Mbweni. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, na Vitongoji kwa Pemba. Tanuru moja Unguja na moja Pemba yatatosha kuanzia.

Hatuna budi kukumbuka pia kwamba Taifa hili limekwisha kujaribu jambo hili kwa ukubwa zaidi. Karakana ya Mang'ula ilijengwa kwa msaada wa Wachina wakati wa ujenzi wa Reli ya Uhuru. Kiwanda cha zana za mashine cha Kilimanjaro kilijengwa kwa msaada wa Bulgaria. Kule Kibaha, Nyumbu waliunda lori likapewa jina hilo hilo. Kwamba juhudi hizo hazikuenea kama ilivyotarajiwa si hoja ya kukata tamaa. Ni hoja ya kuanza na kidogo kinachotunzika, karibu na mahali fundi alipo.

Wala tusidhani kwamba elimu ya moto na chuma ni ya wageni. Mwaka 1978 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu wahunzi wa Buhaya wa karne za kale, ambao katika matanuru yao walijua kuongoza joto hata wakapata chuma cha kaboni. Wahunzi wa pwani na visiwani walifua misumari iliyoshikilia majahazi katikati ya mawimbi. Watu hao hawakuwa na kipimo cha kioo, lakini walijua kwamba moto una adabu zake: wakati wa kuwaka, wakati wa kupungua, na rangi ya kusimamia. Fundi wa leo mwenye mtungi wa gesi ana moto mkali kuliko wao, ila hakurithishwa adabu hizo. Kumrithisha ni dhamana yetu.

Basi tunawaomba wakuu wa mikoa ya Dodoma na Singida, wahusika wa viwanda wa pande zote mbili za Muungano, na Waheshimiwa Wabunge watakapokaa kupitisha makisio, walitie jambo hili katika hesabu. Bei ya tanuru haifikii bei ya basi moja lililopinduka, sembuse roho zilizokuwamo. Nao wenye magari, wakati wanangoja, wana neno moja la kumwambia fundi wao kabla hajawasha gesi: leta tupa kwanza. Ikiteleza, uzime.